Kasumba ya "Vifaa Hakuna"

Kiangazi kilichopita nilikuwa Hombolo, mwendo wa kilometa zipatazo 40 kutoka katikati ya Jiji la Dodoma. Chini ya mbuyu, si mbali na bwawa lile lililojengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957, alikuwa amesimama kijana mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu, na mizani yake ya ndoano ameitundika kwenye tawi. Wananchi walikuwa wakimletea walichonacho: sufuria zilizotoboka, majembe yaliyolika hadi shingoni, vipande vya nondo, pedeli za baiskeli. Akaja bibi mmoja na kapu lake. Ndani ya kapu mlikuwa na jembe bovu, na juu ya jembe hilo njuga za marehemu mumewe, zile ambazo mchezaji huzifunga miguuni siku ya ngoma. Kijana akavitia vyote pamoja katika gunia, akalitundika gunia kwenye ndoano, akasoma kilo, akatoa fedha. Gunia lilipotupwa juu ya mkokoteni njuga zililia mara moja, zikanyamaza.

Bei aliyotoa ilikuwa halali. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti angalimpunja yule bibi ningalipata wa kumlaumu, nikaandika makala nyepesi juu ya walanguzi, na ndugu msomaji ungaliisoma ukatikisa kichwa na kwenda zako kazini. Lakini hakumpunja. Alinunua chuma kwa bei ya chuma. Bibi naye alihitaji fedha ya sare ya mjukuu, na hakuna mwenye haki ya kumwambia afe na njuga zake ilhali mtoto anarudishwa nyumbani. Ugomvi wangu basi si na bibi wala na kijana. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma: walimu, maofisa wa serikali, sisi waandishi wa magazeti, ambao kwa miaka mingi tumewafundisha watu hawa, kwa maneno na zaidi kwa mwenendo wetu, kwamba njuga ni chuma tu.

Katika safari hiyohiyo nilizungumza na mwalimu wa shule moja ambayo sitaitaja, na ambayo haiko Hombolo. Nilimuuliza wanafunzi wake wanafanya nini katika kipindi cha sanaa. Akanijibu bila kusita, "Ndugu mwandishi, vifaa hakuna." Akanieleza kwamba waliomba rangi, brashi na karatasi za manila, na kwamba wanafunzi wasioleta manila kutoka nyumbani huambiwa wasubiri nje. Wakati tunazungumza kengele ya mapumziko iligongwa. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kwa mnyororo, na sauti yake ilifika hadi ng'ambo ya korongo. Watoto wakatoka mbio. Kundi moja likaanza kucheza chandimu kwa mpira wa matambara na mifuko ya nailoni uliosokotwa kwa kamba ya mkonge, mpira ambao ulidunda vizuri kuliko ilivyostahili. Mtoto mmoja alipita akiendesha gari la waya, lenye magurudumu yaliyokatwa katika soli za ndala kuukuu na usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele kulia na kushoto. Mtoto huyo, nilivyoelezwa baadaye, alikuwa mmoja wa wale waliokuwa nje kwa kukosa manila.

Vifaa hakuna!

Sisemi mwalimu yule ni mvivu. Ana darasa lililofurika na mitihani inayomhesabia mwaka mzima. Nasema kwamba yeye, kama wengi wetu, anasumbuliwa na kasumba ya zamani. Shule ya mkoloni ilimfundisha Mwafrika kwamba kuchora ni kazi inayofanywa kwa kisanduku cha rangi kilichokuja kwa meli, na kwamba muziki umo katika kinanda. Kilichokuwa nyumbani kwa mtoto, yaani kibuyu, kinu, ungo, kigoda na zeze, kiliitwa ushenzi, na baadaye, walipostaarabika kidogo katika lugha yao, kikaitwa mila. Uhuru ulipokuja, Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Tangu hapo jina la ushenzi limekoma katika vinywa vyetu. Katika orodha zetu za vifaa bado limo. Chukua orodha yoyote ya mahitaji ya somo la sanaa, uisome mstari kwa mstari, uone kama utakuta hata kitu kimoja ambacho mtoto wa Hombolo anaweza kukiokota njiani akienda shule.

Uwanda huu wa kati unao ushahidi wake juu ya kasumba hii, na ushahidi huo uko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale ule mpango wake mkubwa wa karanga. Zililetwa trekta kwa mamia, na vifaru vya vita vikabadilishwa viwe vya kung'oa visiki. Fedha zilizoteketea ni mamilioni mengi ya pauni. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama sakafu ya saruji, na mvua yake haitabiriki. Mambo hayo mkulima wa Kigogo alikuwa akiyajua, na jembe lake na mbegu yake ya mtama na uwele vilikuwa vimeyapima kwa vizazi vingi. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Vifaa vilikuwapo, tena tele. Kilichokosekana ni kukiangalia kwa makini kile kilichokuwa kikitumika hapo kila siku.

Na sasa tuje kwenye muziki, maana hapo ndipo Ugogo ulipoifundisha dunia. Ndugu msomaji, umewahi kuishika ilimba mkononi na kuitazama kwa utulivu? Ni kisanduku cha mti, na juu yake vijino vya chuma vilivyopangwa vya kubonyezwa kwa vidole gumba. Vyuma hivyo mafundi huvipata popote: misumari iliyofuliwa ikawa bapa, spoku za baiskeli, mbavu za mwavuli uliokufa. Kisandukuni hutobolewa tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando wa buibui. Ndiyo, utando wa buibui, ule unaoufagia kila Jumamosi. Utando huo ndio unaotia ule mvumo mwembamba kama wa nyuki, ambao bila huo ilimba ingekuwa inalia kama bati. Tafakari kidogo juu ya mtu wa kwanza aliyeutazama utando ukutani akafikiri kwamba unaweza kuimba. Huyo hakuwa na karatasi ya manila.

Kutoka katika kisanduku hiki alitokea Hukwe Zawose. Alizaliwa mwaka 1938 huko Doda, mkoani Dodoma, akakulia katika jamii ya wachunga ng'ombe. Miaka ya sitini aliitwa Dar es Salaam kwa wito wa Mwalimu Nyerere, akawa mmoja wa wasanii wa vikundi vya taifa, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hakuiacha ilimba ya baba zake jinsi ilivyokuwa. Aliipanua, akaongeza vijino juu ya vijino hadi ikawa chombo kizito cha kuwekwa mapajani, chenye sauti zinazojibizana kama kwaya. Mwaka 1996 huko Uingereza ilitolewa santuri yake iitwayo "Chibite". Mwaka 2002, yeye na mpwa wake Charles walipanda majukwaani Marekani wakitangulia maonyesho ya Peter Gabriel, mbele ya maelfu ya watu ambao hawakujua Ugogo uko wapi. Alifariki Bagamoyo Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa santuri yao wenyewe, "Maisha", na humo wanawake wa ukoo huo, ambao zamani walikaa nyuma wakiitikia, wamekuja mbele.

Naona ni vema tuulizane hapa swali moja lisilopendeza. Kwa nini santuri hizo zilitolewa Uingereza? Watu watasema ni mitambo, na mitambo kweli ni kitu. Lakini kabla ya mitambo lazima awepo mtu wa kusema, "Sauti hii ina thamani, tuihifadhi." Kumpata mtu huyo Uingereza kulikuwa rahisi kuliko kumpata katika ofisi zetu. Nasema hivi bila chuki kwa Waingereza waliorekodi. Wametufanyia kazi ambayo ilikuwa yetu.

Habari ya Edward Saidi Tingatinga inafanana na hii. Mtu huyu wa Tunduru alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama maelfu ya wengine, na mwaka 1968 akaanza kuchora. Alichorea juu ya vipande vya mbao laini za kufunikia dari, kwa rangi ya mafuta ileile inayopakwa baiskeli. Picha zake za chui, tembo na ndege zikauzwa Oysterbay. Alifanya kazi hiyo miaka minne tu. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Jina lake leo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana hadi Japani.

Lakini nisiposema neno jingine nitakuwa nimewapaka mafuta wasomaji. Tazama maduka ya watalii yanayouza picha za mtindo huo. Utakuta twiga yuleyule, na machweo yaleyale nyuma yake, mara mia. Mwenyewe Tingatinga aliona kopo la rangi ya baiskeli, akaona chui ndani yake; hawa wameona picha ya Tingatinga tu. Wamerithi kopo, macho hawakurithi. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu wapo watakaonisoma haraka wakadhani nawahimiza walimu wawafundishe watoto kunakili vya kale. La. Kunakili vya kale ni uvivu uleule wa kunakili vya Ulaya, umevaa kaniki badala ya suti. Nawahimiza watazame. Mtaalamu wa mbegu anayetafuta aina mpya ya mtama aghalabu huanza na mbegu ile ambayo mkulima ameitunza miaka na miaka. Huipanda, huichunguza, huichanganya na nyingine, hata apate kitu ambacho bibi wa yule mkulima hakukijua. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyokijengea Hombolo jina lake katika utafiti wa mtama na uwele. Hakuna anayemcheka mtaalamu huyo kwamba anashughulika na vitu vya kizee.

Watumishi wa serikali watasema haya ni mambo ya wapiga ngoma na wachora chui, hayawahusu wao wenye mafaili. Ndugu zangu, mfano ulio wenu kabisa ni Mathias Mnyampala. Mgogo huyu aliitumikia serikali, akafikia kuwa hakimu. Pamoja na kazi hiyo aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichochapishwa mwaka 1954, wakati ambapo makarani wengi wa rika lake waliona heshima kuficha kabila lao chini ya kola. Aliandika vilevile mashairi mengi ya Kiswahili. Halafu, akaichukua mazungumzo ya watu wawili wanaobishana, kitu ambacho husikika kila baraza na kila kilabu cha pombe, akakipa vina na mizani na jukwaa. Hiyo ndiyo ngonjera. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vya "Ngonjera za UKUTA" vikatoka baada yake, vikaenea mashuleni nchi nzima. Yeyote kati yetu aliyesoma shule ya msingi amesimama angalau mara moja mbele ya mgeni rasmi akajibizana na mwenzake kwa ngonjera, na jasho likamtoka. Kifaa cha ngonjera ni watu wawili wasiokubaliana. Nani atasema kifaa hicho hakuna?

Huko nje mambo haya hayana ubishi tena. Mwaka 1942 Picasso alichukua tandiko la baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, ukatokea uso wa fahali. Mghana aitwaye El Anatsui hushona vifuniko vya chupa vya bati vikawa mazulia makubwa yanayong'aa, na mwaka 2015 maonyesho ya Venice yalimtunuku heshima yake ya juu. Hapa jirani, Nairobi, Cyrus Kabiru amejipatia jina kwa miwani anayoiunda kutokana na vyuma na takataka za mitaani. Nawataja hawa kwa kusitasita, maana najua tabia yetu: jambo tulilolidharau Hombolo tutaliheshimu likitajwa Venice. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyochorwa kwa udongo mwekundu na watu wasiokuwa na duka, ilikuwa mikoa hii hii tangu enzi na enzi. Wengi wetu tulisikia habari zake ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Sasa nijibu pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote. Rafiki yangu mmoja niliyesoma naye Chuo Kikuu, ambaye sasa ni mtumishi katika halmashauri, aliniambia waziwazi, "Wewe unausifu umaskini. Mtoto anacheza gari la waya kwa sababu baba yake hana fedha ya kumnunulia gari. Ukimwandikia sifa gazetini, kesho mkurugenzi atasema rangi hazihitajiki, na fungu litakatwa." Maneno haya yana uzito. Yumkini yupo mkurugenzi wa namna hiyo, na kama yupo naomba makala haya asiyasome. Shule inahitaji vitabu, madawati, vyoo na rangi pia. Mtoto aliyeunda gari la waya anastahili koleo nzuri, kwa sababu ameonyesha kwamba ataitumia. Tingatinga naye asingekataa rangi bora kama angepewa.

Lakini hoja ya rafiki yangu ina kasoro mahali pamoja. Yeye anadhani gari lile limetoka katika ukosefu wa fedha. Kama ukosefu wa fedha ungeunda magari, kijiji kizima kingekuwa na magari. Gari lile limetoka katika macho ya mtoto aliyeitazama Scania barabarani, akajiuliza kwa nini inakata kona, akatafuta jibu lake katika waya. Macho hayo ndiyo mali. Ukimpa manila na brashi na ukamwambia anakili ubao, macho yatalala. Ukimweka nje kwa kukosa manila, utakuwa umemfundisha kwamba alichonacho mkononi si elimu, na mtoto hulielewa somo hilo upesi kuliko hesabu.

Nanyi maofisa, nimeingia katika ofisi zenu nyingi tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi baada ya tangazo la mwaka 2016. Majengo ni mazuri. Mezani nimekuta maua ya plastiki yenye vumbi. Ukutani nimekuta picha za milima yenye theluji na nyumba za mbao, nchi ambayo mwenye ofisi hajapata kuiona. Sakafuni zulia. Huu ni mji uliojengwa juu ya ardhi ya watu waliojua kukipamba kibuyu cha maziwa kwa shanga, kuchonga kigoda katika gogo moja, na kujenga tembe lenye paa la udongo lililo baridi ndani wakati nje jua linachoma. Hao wachongaji wako mwendo wa dakika chache kwa gari la serikali. Mchora ramani wa jengo la wizara anayetaka kupunguza joto angepata faida kukaa mchana mmoja ndani ya tembe, kabla halijabomoka la mwisho. Sisemi wizara iezekwe udongo. Nasema aingie, akae, aulize kwa nini.

Muda haupo mwingi. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, na Hombolo imo ndani ya mipaka yake. Viwanja vinapimwa, nyumba za bati zinapanda, na kila nyumba ya zamani inapobomolewa vitu vyake hutolewa uani na kungoja mizani. Wako pia wanunuzi wa aina nyingine, wenye magari, wanaotafuta vigoda na vinu vikongwe kwa ajili ya hoteli na kwa ajili ya kupeleka ng'ambo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ipo. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu anayeamini kwamba anauza kuni.

Mambo ninayoyataka hayahitaji mfadhili. Mtaala wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 umeipa sanaa nafasi. Mwalimu na aitumie nafasi hiyo kwa kumwagiza kila mwanafunzi alete kitu kimoja cha kale kutoka nyumbani, si cha kubaki shuleni, ila cha kutazamwa asubuhi moja, pamoja na habari zake kutoka kwa babu au bibi: kilifanywa na nani, kwa kitu gani, kwa nini kina umbo hilo. Baada ya hapo mtoto aunde kitu chake. Chakavu cha shule chenyewe, madawati yaliyovunjika na bati zilizotolewa, kisipigwe mnada kabla watoto hawajachagua wanachokitaka. Watendaji wa kata waweke utaratibu mdogo na wanunuzi wa vyuma: njuga, kengele za ng'ombe na zana zilizofuliwa kwa mkono ziwekwe kando ya gunia, na ofisa utamaduni wa wilaya aitwe kuziona, na kama halmashauri inazitaka izinunue kwa bei inayozidi ya chuma. Fedha hizo ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja cha kulijadili jambo hili.

Zile njuga sikuzipata. Nilipoamka katika kustaajabu kwangu na kumfuata kijana, mkokoteni ulikuwa umekwisha kuondoka, naye alinieleza kwa adabu kwamba mzigo uko njiani na kwamba hawezi kufungua magunia ya watu kwa ajili ya njuga moja. Jioni nilipelekwa kwa mzee mmoja aundaye ilimba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akisugua kijino cha chuma juu ya jiwe, akikibonyeza, akisikiliza, akikisugua tena. Nilimweleza habari ya njuga, akatikisa kichwa, hakusema neno. Kisha akaniuliza kama huko mjini ninakokaa watu wana miavuli mingi iliyovunjika, maana ya hapa imekwisha na waya wa siku hizi ni laini mno. Tangu nirudi nimekusanya mitano kutoka kwa wenzangu ofisini. Mmoja tu kati yao aliuliza ni ya nini.